Bunduki ya Mkekani

Nusu ya miko ya ugali iliyobaki mtaa wa Igogo niliichonga mimi, na karibu yote ni mibovu. Ukiingia nyumba yoyote ya zamani kule, ukamwomba bibi mwenye jiko akuoneshe mwiko wake mkongwe kuliko yote, ukauona umepinda shingo na kichwa kimelalia upande, ujue umekutana na kazi ya mikono yangu nikiwa mwanafunzi. Msicheke. Ninyi nanyi mtachonga vyenu, na watu watavitumia miaka mingi huku wakiwataja kwa majina.

Mwalimu wenu wa useremala aliniomba nije darasani niwasimulie kazi yangu. Nilimwambia magoti yangu na ngazi za chuo chenu havisalimiani siku hizi, bora niandike, mwenye kutaka kusoma asome akiwa amekaa. Naitwa Masalu. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa fundi wa vitako vya bunduki hapa Mwanza. Kitako ni ule mti wa bunduki, sehemu unayoiegemeza begani na kuilazia shavu. Mtutu na vyuma vingine havikuwa vyangu. Hivyo vilikuwa vya bosi mwenye leseni, aliyevifungia kwenye kabati la chuma, na kila bunduki iliingia kwa karatasi na kutoka kwa karatasi. Mimi nilikuwa mtu wa mti. Ukinipa mti mzuri nilikuwa na furaha siku nzima, na mpaka leo niko hivyo.

Bosi huyo alikuwa marehemu Mzee Twalib. Alikuwa mfupi, mpole, mtu wa kanzu nyeupe hata akiwa karakana, na sijawahi kujua alifanyaje isichafuke. Kazi nyingi tulizopata zilikuwa za wakulima wenye bunduki ndogo, ile watu wanaiita pointi tuu tuu, ambayo risasi yake ni nyembamba kuliko penseli. Nilifika kwake nikijua naenda kuchonga bunduki. Alinipa kipande cha mti akaniambia, "Chonga mwiko." Nikachonga. Akauangalia, akauweka kando. "Chonga mwingine." Mwaka mzima, jamani! Rafiki zangu waliokuwa wakijifunza umekanika walikuwa wakipita barabarani wanapaza sauti, "Masalu, bunduki imeiva? Tulete mboga?"

Nilikuja kuelewa baadaye, tena kwa kelele. Kitako kina shingo, pale kiganja kinaposhika, na hapo ndipo hukatika. Ukichonga shingo huku nyuzi za mti zinapita kimshazari, itavunjika tu, leo au mwakani. Mwiko nao una shingo. Mzee Twalib aliigawa miko yangu bure kwa akina mama wa mtaani, halafu akangoja. Mwiko wenye nyuzi zilizokatishwa huvunjikia ndani ya sufuria, ugali ukiwa ndiyo umeanza kukaza, na mama mwenyewe anafika karakana na kipande mkononi bado kina unga. Nilisemwa kwa Kisukuma, kwa Kijita na kwa Kijaluo. Baada ya hapo sikuhitaji mtu wa kunikumbusha nyuzi za mti zinaelekea wapi. Nikishika ubao hata leo, kwanza naupeleka juani nizitazame.

Jambo la pili alilonifundisha ni masizi. Chuma kikilazwa ndani ya mti kinatakiwa kilale chote, siyo kikae juu ya vinundu viwili na sehemu nyingine inaning'inia. Utajuaje kinagusa wapi? Unawasha koroboi, unapitisha chuma juu ya moshi mpaka kiwe cheusi, unakibonyeza kwenye mti, unakitoa. Palipopata weusi ndipo panapogusa. Unakwangua weusi ule kwa patasi, kidogo sana, unarudisha chuma, unatoa, unakwangua. Kazi hiyo haina mkato. Ukitoka hapo pua ni nyeusi ndani na nje, na nyumbani mke analalamikia foronya.

Mara moja niliona nina akili, nikatafuta mkato. Nikachimba kwa patasi pana bila masizi, nikazidisha, likabaki pengo. Nikalijaza vumbi la mbao na gundi, nikapiga msasa, likapendeza kabisa, nikampelekea mzee kwa madaha. Alikuwa anakunywa chai. Alikigeuza kitako juu chini, akakipigapiga mgongoni kama anayemcheulisha mtoto, na kiraka changu chote kikadondokea ndani ya kikombe chake. Akakoroga. Akainywa ile chai mpaka mwisho huku ananitazama, kisha akanipa kipande kipya cha mninga.

Halafu msisahau kwamba tunaishi kando ya ziwa, na mti unakunywa maji hata kama hujaulowesha. Niliwahi kumchongea mkulima mmoja wa upande wa Magu kitako kizuri wakati wa kiangazi. Masika yalipokolea akarudi, akaniwekea bunduki mezani, akasema kwa upole wote, "Fundi, kiangazi inapiga ninapotazama mimi. Masika inapiga inapotazama yenyewe." Mti ulikuwa umevimba ukausukuma mtutu pembeni. Nilikuwa nimepaka mafuta nje tu, kule macho yanakoona, ndani nikauacha mkavu. Tangu siku ile nilipaka nta ya nyuki ndani kabla ya nje, hadi kwenye matundu ya skrubu. Mkitengeneza milango ya nyumba za ufukweni mtanikumbuka. Pakeni na ukingo wa chini, ule ambao mwenye nyumba hatauona.

Siku hizi mna mashine ya msasa ya umeme. Naipenda! Ilinikuta mwishoni mwa kazi yangu, na siku ya kwanza niliitumia kwa kila kitu hadi kwenye kigoda changu cha kukalia, mpaka Zuhura akanizimia umeme. Zuhura ni binti wa Mzee Twalib. Ndiye aliyerithi leseni na kabati la chuma baba yake alipofariki, na kwa vyuma ana mkono mwepesi kuliko baba yake. Vimekuja pia vitako vya plastiki ambavyo unabonyeza kitufe vikarefuka au vikafupika. Sina ugomvi navyo, mvua haivivimbishi. Ila kitufe hakikuambii ubonyeze mpaka wapi. Hilo lazima umjue mtu, na kumjua mtu kulinishinda hadi uzeeni, nilipoletewa kazi ya Mama Venansia.

Mama Venansia, na Venansia ni jina lake mwenyewe, ni mkulima wa kisiwa cha Ukerewe, nje kidogo ya Nansio. Ana shamba la machungwa, mihogo na mahindi. Mumewe, mtu mrefu aliyeinama kuingia kila mlango, alikuwa na pointi tuu tuu yenye kitako alichochonga Mzee Twalib mwenyewe. Mume huyo hakuwahi kuua tumbili hata mmoja. Aliegemeza debe tupu kwenye kichuguu kikubwa pembeni ya michungwa, na tumbili wakishuka shambani alilipiga debe. Lile debe lililia hivi kwamba tumbili walitimua mbio wakagombania matawi. Risasi ilizama kwenye udongo wa kichuguu, tumbili wakabaki na uhai wao, machungwa yakabaki mtini. Shamba lote lile lilitegemea debe.

Alipofariki, bunduki ilirudishwa polisi kama sheria inavyotaka. Mama akaomba imilikishwe kwake. Akajibiwa kwamba inawezekana, ila kwanza apite jaribio la shabaha mjini, mbele ya mkufunzi wa polisi. Sasa, Mama Venansia ana mtoto mmoja tu, Deo, anayekaa Kiseke, hapa mjini. Deo alikuwa ameshafanya hesabu zake. Shamba bila bunduki ni kulisha tumbili, na mama peke yake kule kisiwani anampa mawazo, kwa hiyo ahamie kwake. Chumba kipo, bomba liko ndani, luninga kubwa. Alisema kwa mapenzi, na mama alijua ni mapenzi, ndiyo maana ilikuwa vigumu kumkatalia. Mwisho wakakubaliana. Akikosa shabaha anahamia Kiseke. Akipata, Deo hatataja tena habari ya kuhama.

Basi akaja kwetu, na Deo kamsindikiza. Zuhura alikuwa ameshaitoa bunduki polisi kwa kibali. Tukampa Mama aishike. Jamani, kitako cha mumewe kilimzidi, kidole hakikufikia kifyatulio mpaka atoe bega mbele kama anayesukuma mlango.

"Hiki tunakikata," Zuhura akasema. "Kazi ndogo."

"Msikikate," Mama akajibu. "Hicho kilikuwa cha mabega yake. Mimi nichongeeni changu."

Nilifurahi! Kitako kipya kabisa, tena nilikuwa na ubao wa mninga nilioukausha juu ya jiko la mama yangu mzazi tangu nikiwa kijana, mistari yake inatembea kama maji yanayopita juu ya mchanga. Nikaanza kumpima mteja wangu. Hapa naomba msome polepole, maana hapa ndipo mtu mwenye heshima anapoharibu kazi.

Kwa kuwa anakuja mjini, tena ofisini kwa watu wa bunduki, Mama Venansia alivaa gauni lake la Pasaka. Kitenge kizito, mabega yamepandishwa juu na kujazwa sponji, kilemba kimefungwa kikafungika. Alipendeza sana, na alikuwa amevaa hivyo kwa kutuheshimu. Mimi nami nikamrudishia heshima yake. Ningemshikaje bega mjane wa watu, mwanawe yupo pale? Ningemwambiaje mama wa gauni lile akae chini kwenye vumbi la mbao? Nikampa kitako cha majaribio, nikamwomba asimame wima, nikasogea nyuma kama mtu anayeongea na mama mkwe wake, nikampima kwa macho kutoka mlangoni. "Inatosha, mama," nikasema. "Imekaa vizuri." Ilikuwa imekaa vizuri kwenye sponji.

Siku ya jaribio hakuvaa gauni. Alikuwa ameambiwa atafanya kazi, akavaa nguo za kazi, shati kuukuu la marehemu na kitenge kiunoni. Bila yale mabega kitako kikawa kifupi, na kila alipofyatua kidole gumba kilimgonga puani. Tena akiwa amesimama alikuwa anayumba, maana hakuwahi kulenga kitu akiwa amesimama. Risasi zote zilipita juu ya ubao wa shabaha zikaingia kwenye ukuta wa udongo. Mkufunzi, afande mmoja mtu mzima wa haki, alimwona pua imekuwa nyekundu akamhurumia, akamwambia atampa nafasi nyingine moja, na hiyo ndiyo ya mwisho. Deo hakumcheka mama yake hata kidogo. Ila jioni ile alianza kupaka rangi kile chumba.

Kesho yake Mama Venansia akaja karakana. Nilijificha nyuma ya meza ya randa.

"Fundi Masalu," akasema, "mti wako ni mzuri. Unang'aa mpaka najiona. Ila umenipiga pua."

Zuhura alicheka mpaka akaweka tupa chini. Alipomaliza kufuta machozi akauliza swali ambalo mimi nilitakiwa niulize tangu mwanzo. "Mama, kule shambani ukingoja tumbili, unakaaje?"

Mama akaangalia sakafu yetu, akaangalia gauni lake la Pasaka, maana alikuwa amelivaa tena. "Nikuoneshe hapa? Hapana, mwanangu. Fundi aje nyumbani."

Nikapanda meli ya Nansio nikiwa na kitako kingine cha mninga, kimechongwa nusu tu, nimekiachia mti mwingi kila upande ili nikamalizie mbele yake. Bunduki yenyewe ilibaki kabatini kwa Zuhura. Nilikuwa nimekifunga kile kipande kwa kanga kuukuu ya mke wangu, nimekilaza mapajani. Jirani yangu, mama mmoja mwenye kapu la nyanya, alikitazama safari nzima. Tulipokaribia kufika hakuvumilia.

"Pole sana, baba. Ni wa kulia au wa kushoto?"

"Nini, mama?"

"Mguu. Wa mgonjwa wako."

Nilitaka kumweleza, lakini alikuwa ameshanipa nyanya za kumpelekea mgonjwa, na wa pembeni yake akaongeza ndizi. Ningefanya nini? Nikasema ahsante, anaendelea vizuri.

Bodaboda ikanishusha shambani. Nikamkuta bibi mmoja anapalilia, shati kubwa, miguu peku, kichwa amekifunga kitambaa. "Shikamoo, bibi," nikamwambia. "Mama Venansia nimemkuta?"

Akanyanyuka polepole akaegemea jembe. "Marahaba, mwanangu," akasema. "Ngoja nikuitie." Kisha akaangua kicheko, na ndipo nikamtambua. Mimi na yeye ni rika moja! Shikamoo ile alinidai kila tulipoonana.

Akatandika mkeka pembeni ya michungwa, akakaa kama akina mama wote wanavyokaa wakichambua maharage, mgongo wima, miguu ameinyoosha mbele, kifundo juu ya kifundo. Hivyo ndivyo alivyokaa pembeni ya mumewe miaka yote akimwonesha tumbili walipo. Akakaa akatulia tuli. Mwili ule haukuyumba hata unywele. Nikatamani kujipiga kofi. Nilikuwa nimempima askari, na aliyekuja kwangu alikuwa mkulima aliyekaa mkekani.

Kumshika bega bado sikuweza, lakini wifi yake alikuwepo. Bi Edita, dada wa marehemu, alikuwa na mdomo wa kusikika Nansio nzima. Nilimpa futi ya kamba nikamwelekeza nikiwa upande wa pili wa mkeka.

"Bega mpaka kidole, shangazi."

"Bega mpaka kidole," Bi Edita akaitikia. "Fundi, unampima bunduki au gauni la harusi?"

"Bunduki, shangazi."

"Haya. Maana kama ni harusi, sisi ukoo wa bwana tunataka taarifa mapema."

"Edita, shika futi," Mama Venansia akasema, lakini mabega yake yalikuwa yanacheza kwa kicheko, na ikabidi tupime upya.

Nikagundua mengi pale. Akikaa hivyo kichwa kinainama mbele na jicho linashuka, kwa hiyo sehemu ya shavu inatakiwa ipande. Urefu unatakiwa uongezeke unene wa sponji yote niliyoipima kwa ujinga. Na ile shingo ya kitako cha kwanza, niliyokuwa nimeichonga nyembamba nikiwaza mkono wa mwanamke, haikufaa kabisa. Kiganja kile kimeshika jembe tangu utoto. Kilitaka kitu cha kushika.

Kwa kuwa hatukuwa na bunduki, nilikata tete moja nyoofu kule majini nikalilaza ndani ya kitako mahali pa mtutu. Nikamwambia afumbe macho, ainue mti, aulaze shavuni anavyojisikia, asihangaike kulenga. Kisha afumbue. Huo ndio mtihani wa kweli wa kitako, vijana, na hauhitaji hata risasi moja. Mara ya kwanza tete lilitazama paa la jiko. Nikapiga tupa ile sehemu ya shavu, nikakwangua, akafumba tena. Tete likatazama mchungwa. Nikapunguza chini ya shingo. Likamtazama Bi Edita, akakimbia akipiga kelele ingawa lilikuwa tete tupu. Nikakwangua, nikapuliza vumbi, akafumba, akainua, akafumbua.

Akafumba tena, akainua upya, akafumbua. Akageuka akanitazama, na uso wake ulikuwa wa msichana.

"Fundi," akasema, "ni debe."

Nilichuchumaa nyuma yake kwa mbali nikatazama mstari wa tete. Lilikuwa linaelekea katikati ya debe pale kwenye kichuguu, kama vile mti umejua wenyewe. Miaka yote ya kazi nilikuwa nimesikia furaha nyingi ndogondogo, lakini ile ilizipita zote. Tulikula zile nyanya za mgonjwa wangu na ugali, na nikawaeleza habari ya mguu wa bandia, na Bi Edita akalala chini kwa kucheka.

Siku ya jaribio la mwisho nilifunga karakana nikaenda na Zuhura uwanjani. Deo alikuja na pikapu ya kuazima, nyuma tupu, ili mama akikosa wakafuate mizigo yake bila kuchelewa. Alinisalimia, "Shikamoo, mzee," nikaitikia, lakini macho yake yalikuwa kwa mama yake. Mama alikuja na shati lile lile, na mkeka kwapani. Akaenda mpaka kwenye mstari wa kupigia akautandika chini.

Askari kijana akacheka puani. Afande akamsogelea Mama. "Mama, hapa watu wanapiga wamesimama, wamepiga goti, au wamelala."

"Mimi ni mlinzi wa shamba, Afande," Mama akajibu. "Tumbili nawangoja toka asubuhi mpaka jua linazama. Nisimame siku nzima?"

Afande akafikiri. Kisha akamgeukia yule askari kijana. "Mvutie mkeka vizuri, hapo kuna jiwe."

Mama akakaa, akanyoosha miguu, kifundo juu ya kifundo. Zuhura akampa bunduki. Niliona shavu lake linalala juu ya mninga bila kutafuta mahali, na nikajua mti umefanya kazi yake, yaliyobaki ni ya mwenyewe. Akapiga. Akangoja, akapumua, akapiga tena, bila haraka, hadi risasi alizopewa zikaisha. Pua haikuguswa. Afande akatembea kwenda kwenye ubao. Deo alikuwa ameshika mlango wa pikapu kana kwamba utakimbia.

Afande alirudi na karatasi ya shabaha. Matundu yote yalikuwa ndani ya duara, yamekaribiana kama mbegu za papai. Hakumpa Mama. Alimpa Deo. "Mama yako amefaulu," akasema. "Bunduki itatoka karatasi zikikamilika."

Deo aliishika ile karatasi kwa mikono miwili akaitazama muda mrefu. Alitaka kutabasamu na kulia kwa pamoja, na vyote vikamshinda. Nilimwonea huruma. Alikuwa ameshapaka chumba rangi, na alikuwa amempoteza baba juzi juzi tu.

"Nilitaka uwe karibu, mama," akasema. "Basi."

Mama akajishika magotini akasimama, akakung'uta shati, akamshika mwanawe shavu. "Najua," akasema. "Chumba kile usikipangishe. Nitakuja kulala. Lakini leo nipeleke bandarini, meli isiniache."

Pikapu iliyoletwa kumhamisha Mama Venansia ikashuka bandarini, nasi nyuma pamoja na mkeka. Deo aliubeba mwenyewe, akampandisha mama yake, akamtafutia nafasi ya kukaa, akashuka wakati kamba zinafunguliwa. Meli ikaanza kuacha gati. Mama akaja ukingoni, akaweka mikono mdomoni, akaita kwa sauti ya mtu aliyezoea kufukuza tumbili, na gati zima likageuka.

"Deo! Machungwa yakiiva uje! Na jembe lako uje nalo, hili la baba yako ni zito!"

Watu wakacheka. Zuhura alicheka, mimi nikacheka machozi yakinitoka wazi. Deo akainua ile karatasi yenye matundu juu ya kichwa chake, akaipunga kwa nguvu, akajibu kwa sauti ambayo sikujua anayo.

"Nakuja, mama! Nakuja!"